Siku Walipofunua Fizi Zangu

Kwanza nieleweke: mimi si mtu wa kushangazwa. Nimefanya biashara ya mifugo miaka ishirini na sita katika minada ya Manyoni na Itigi, na kila ujanja anaoujua binadamu nimeshaonyeshwa. Nimeuziwa ng'ombe aliyelambishwa chumvi usiku kucha ili anywe maji tumbo lijae, aonekane ameshiba. Nimeona mtu akiuza dume mmoja kwa watu watatu asubuhi moja, na wote watatu wakampa mkono wa shukrani. Nimelala chini ya lori lililokatika ekseli, mvua inanyesha, ng'ombe kumi na nane wako juu yangu wananikojolea kupitia mbao, na kesho yake nikawauza wote kwa faida. Shule niliishia darasa la nne kule Kintinku, maana baba alihitaji mtu wa kuchunga. Leo nina nyumba mbili Manyoni, za matofali ya kuchoma na bati la rangi, na zote zimetoka katika kichwa changu hiki na mdomo wangu huu. Hasa mdomo.

Asiyejua minada yetu anadhani bei inapigiwa kelele. Kelele ni za madalali na wageni. Sisi wanunuzi wa jumla, bei ya mwisho tunaitoa sikioni. Unamvuta muuzaji pembeni, mnaweka vichwa pamoja, unamnong'oneza, naye anakujibu kwa kunong'ona, ili mnunuzi mwingine asijue mmefikia wapi. Hapo ndipo nilipokuwa mfalme. Mwenzangu, ambaye tulianza naye biashara tukiwa na mbuzi wanne na baiskeli moja, alikuwa anaweza kushinda nusu saa na mzee mmoja bila kuelewana. Kisha ananiita kwa sauti, watu wote wasikie, "Mkubwa! Njoo ummalize huyu!" Nakwenda. Namshika muuzaji bega, namwekea mdomo sikioni, nataja bei yangu. Hata dakika haiishi, mtu kakubali. Wengine walikuwa wanakubali kabla sijamaliza kuitaja. Nilijua ni uzito wa maneno yangu. Nilikuwa nawaambia vijana wa mnadani kwamba hiki ni kipaji, hakifundishwi shuleni, na wenye digrii zao wangekuja wangelia.

Sasa fizi.

Sisi watu wa huku meno yetu ni ya kahawia kwa sababu ya maji. Mtoto akikua anakunywa maji ya visima vyetu, meno yanatoka na madoa kama yai la kanga. Ukifika Dar mtu akikuangalia unavyocheka anajua kwenu ni wapi. Hatuoni aibu, na wala hatuna habari nayo. Ila hili lilitupa ugonjwa mwingine, wa kuyasingizia maji kila kitu. Nilipoanza kuona damu kwenye mswaki nikasema ni maji. Fizi zikavimba zikawa nyekundu kama nyama mbichi, nikasema maji ya mwaka huu yamezidi. Asubuhi naamka mdomo una ladha ya sarafu, nikasema tanki halijaoshwa. Niliwahi kumfokea fundi bomba wa watu bure kabisa kwa ajili ya fizi zangu mwenyewe.

Kosa la pili nililifanya kwa utaalamu wangu. Mimi ng'ombe namsoma umri kwa meno. Nifungulie mdomo wake tu, nakuambia huyu ana meno mawili, huyu manne, huyu kinywa kimejaa, na huyu meno yamerefuka, amezeeka, mpeleke machinjioni. Basi nilipoona kwenye kioo kwamba meno yangu ya mbele chini yamerefuka, nilicheka. Nikasema, mzee, umekomaa. Kwamba jino la mtu mzima halirefuki hata kidogo, ni fizi ndiyo inarudi nyuma na kuliacha uchi, hilo hakuna mnada uliowahi kunifundisha.

Miaka miwili kabla ya yote haya nilitaka kwenda hospitali. Hilo naliandika ili lijulikane, maana wako wanaosema nilizembea. Damu ilikuwa imezidi, nikamwambia mwenzangu tukiwa tunakunywa chai pale mnadani.

"Hospitali kufanya nini?" akauliza.

"Fizi. Zinatoa damu hata nikila ugali."

Akaweka kikombe chini. "Mkubwa, wale watu wa meno wana dawa moja tu, koleo. Utaingia na meno, utatoka huna. Unataka urudi hapa kibogoyo? Hawa Wagogo watakufungua mdomo watakupigia bei ya mbuzi mzee."

Tulicheka mpaka chai ikanimwagikia. Wiki iliyofuata akaniletea unga mweusi kwenye chupa, kaununua kwa mtu wa dawa kule Itigi, wa kukaza meno. Hakutaka nimrudishie hela yake. Nilimpenda zaidi kwa ule unga. Nikausugua asubuhi na jioni kwa miaka miwili.

Siku iliyonivunja nilikuwa nakula mbavu ya mbuzi ya kuchoma. Niliing'ata, nikaivuta, na jino la chini mbele likaja nalo kidogo, kisha likarudi mahali pake. Halikuuma. Hilo ndilo lililoniogopesha. Nikaligusa kwa ulimi, likacheza. Nikagusa la jirani yake, nalo likacheza. Nikaweka mbavu chini kwenye sinia, nikasema nimeshiba, na mimi ndiye mtu ambaye hajawahi kusema neno hilo mbele ya nyama.

Nisiwafiche, niliogopa sana. Si kifo nilichoogopa, niliogopa meno manne ya mbele. Mtu wa biashara yangu anaishi kwa kuonekana. Nikiyapoteza yale manne, nitatamka bei huku mate yanaruka, na kila kijana aliyewahi kunisalimia kwa heshima atanitafutia jina. Nilimweleza mke wangu. Akaniangalia sana, kisha akasema, "Kesho unapanda basi la Dodoma." Hakuuliza swali hata moja, na mimi sikujiuliza kwa nini hakushangaa.

Daktari wa meno kumbe ni binti, sawa na mwanangu wa pili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Daktari yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Umeshang'oa meno mangapi, mama?"

"Mengi. Ila kazi yangu kubwa ni kuyaacha yabaki. Kaa hapa, fungua mdomo."

Hapo nikatulia kidogo. Akachukua kijiti cha chuma chembamba chenye alama kama rula, akawa anakiingiza kati ya jino na fizi, huku anamtajia nesi namba. "Tatu. Nne. Sita. Saba. Saba." Mimi maisha yangu yote nimesikia namba zikipanda, na zikipanda kwa mali yangu ndiyo furaha yangu. Nikajua nafanya vizuri. Alipofika upande wa chini mbele akasema nane, nikamwinulia dole gumba.

Akacheka, akatoa kijiti. "Baba, hizi namba si alama za mtihani. Fizi yenye afya haitakiwi kuzidi tatu. Nane maana yake fizi imeachana na jino, pametokea mfuko wa kina cha milimita nane, na humo ndani kuna uchafu mgumu umeganda kwenye mzizi. Unaitwa ugaga. Mswaki haufiki huko. Mfupa unaoshika jino unaliwa taratibu."

"Na maji yetu?"

"Maji yanakupa rangi tu. Hayali mfupa." Kisha akauliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za watoto, "Nyumbani hawajakuambia kuhusu harufu?"

"Harufu gani?"

Nesi aliangalia dirishani. Daktari akajifanya anaandika.

Nilirudi Manyoni nimefunga mdomo njia nzima. Mke wangu alikuwa anapepeta mchele uani. Nikasimama mbele yake.

"Mdomo wangu unanuka?"

Akaacha kupepeta. "Nani kakuambia?"

"Daktari."

"Afadhali daktari."

"Kwa nini wewe hukuniambia?"

"Nilikuambia. Mwaka tulioezeka hii nyumba. Ukasema mdomo huu ndio ulionunua bati, na anayeona unanuka arudi kwao akalale kwenye nyumba ya nyasi. Nikanyamaza, baba watoto. Nyasi sizitaki."

"Na ile chai ya karafuu?" Maana kwa miaka mingi alikuwa ananipikia chai yenye karafuu nyingi, na mimi nilikuwa nawatambia watu kwamba hakuna mwanamke wilaya nzima anayejua chai kama wangu.

"Karafuu nilikuwa natia kwa ajili ya pua yangu mwenyewe," akasema, na akarudi kupepeta.

Sikulala nyumbani siku hiyo, nililala kwenye nyumba ya pili. Nilikuwa na hasira naye, lakini hasira yenyewe haikupata pa kusimama, kwa sababu kweli niliyasema yale maneno ya nyasi. Nilipomuuliza kesho yake kama mwenzangu naye alikuwa anajua, akasema, "Mwulize mwenyewe." Sikumwuliza. Nilikuwa na hakika kwamba rafiki wa miaka ishirini na sita angeniambia.

Tiba yenyewe nitaieleza, maana watu wana hofu za bure. Hawakimbilii kupasua. Kwanza alinikwangua ugaga wote anaoweza kuufikia kutoka juu, siku mbili, upande huu na upande huu. Akanifundisha kupiga mswaki upya, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, kama mtoto wa chekechea. Ule unga mweusi niliompelekea aliutia kidoleni, akausugua, akasema ni mkaa na mchanga, unakwangua jino wala haukazi kitu. Sigara akanikataza. Akapima sukari, ikawa sawa. Kisha akaniambia niende nikae wiki sita, fizi zijitahidi zenyewe.

Niliporudi akapima tena. Sehemu nyingi zilikuwa zimeshuka hadi tatu, na safari hii nilijua kufurahia namba ndogo. Ila chini, mbele na kulia, bado zilikuwa sita na saba. Akasema huko ndiko kunahitaji operesheni.

"Nieleze kama unamweleza mchungaji," nikamwambia. "Mimi shule ndogo."

Akafikiri. Nikamsaidia. "Mbuzi akioza kwato," nikasema, "ukimpaka dawa juu haponi. Uozo uko chini ya kwato. Unachukua kisu, unafunua ile kwato iliyoachana, unasafisha mpaka pasafi, halafu inashika upya."

"Baba, wewe ungekuwa daktari," akasema. "Ndiyo hivyo hivyo. Nafunua fizi, naona mzizi kwa macho yangu badala ya kupapasa gizani, nasafisha, nairudisha fizi ikae chini imebana, nashona. Tofauti ni kwamba mfupa ulioliwa siwezi kukurudishia wote. Na usipotunza, ugonjwa utarudi."

"Na yale manne?"

Hapo hakutania. Akanionyesha picha ya eksirei. Mawili ya pembeni yalikuwa yamebakiwa na mfupa nusu. Mawili ya katikati yalikuwa yamesimama kwenye nyama tu, kama nguzo za uzio ambazo mchwa wamekula chini.

"Haya mawili siwezi kuyaokoa. Ungekuja miaka miwili iliyopita ningejaribu, na naamini ningeweza."

Aliongea taratibu tu, hakunilaumu. Lakini ile miaka miwili ilibaki kwenye masikio yangu.

Siku ya operesheni alinichoma ganzi sindano kadhaa, mdomo wa chini ukawa kama si wangu. Sikusikia maumivu. Nilisikia sauti, kwaru-kwaru ya chuma kwenye mzizi, ndani kabisa ya fuvu, kama jembe linagonga jiwe kwenye shamba la mbali. Katikati akaniuliza kama nataka kuona. Nikaitikia kwa kichwa. Akanipa kioo. Nimechuna mbuzi mamia, najua ngozi inavyofunuka kwenye paja, lakini sijawahi kuona nyama yangu mwenyewe imefunuliwa hivyo, imekaa pembeni kwa adabu, na mizizi ya meno yangu imesimama wazi ikiwa na vijiwe vyeusi. Vyeusi kabisa. Nilibeba vile vijiwe nikapita navyo masikioni mwa watu.

Akavikwangua vyote, akayatoa yale mawili ya katikati, akashona. Nilikula uji na mtori siku kumi, nikasukutua kwa dawa chungu, na nyuzi zikatolewa. Meno yaliyobaki yakakaza. Hadi leo naweza kuuma nyama, ila naiuma kwa pembeni. Pengo la mbele nikaligeuza kuwa stori. Niliwaambia watu ng'ombe alinipiga pembe.

Nikarudi mnadani.

Siku hiyo kulikuwa na mzee mmoja wa Kigogo, mfugaji wa siku nyingi ambaye nimenunua kwake zaidi ya mara ishirini. Ana maksai mzuri, mwekundu, wa meno sita. Mwenzangu alihangaika naye, akashindwa, akaita kama kawaida, "Mkubwa, njoo ummalize!" Vijana wakageuka kutazama. Nikaenda. "Mbukwa," nikamsalimia kwa Kigogo, akaitikia. Nikamshika bega, nikainama sikioni.

"Laki tisa na nusu."

Mzee hakutikisika. "Milioni moja na laki mbili."

Nikasubiri akubali. Hakukubali. Nikaongeza elfu ishirini. Akasogeza sikio karibu zaidi, akatabasamu, akaanza kunieleza habari za yule maksai, alizaliwa lini, alilima mashamba ya nani. Dakika kumi zilipita. Tukaja kuelewana kwenye milioni moja na elfu tisini, bei ambayo sijawahi kutoa kwa ng'ombe wa aina ile tangu nianze. Nilipoinua kichwa vijana walikuwa wanacheka, wengine wameshikana mabega. Mwenzangu alikuwa anacheka kuliko wote.

"Mwanangu," mzee akasema, "naona umepona."

"Nimepona nini, mzee wangu?"

"Mdomo. Leo tumeongea vizuri. Zamani ukija sikioni mtu anakubali upesi akapumue." Akanitazama, akaona sielewi, akashtuka kidogo. "Mwenzako si alikuwa anatutishia? Tukikaza, anasema, haya, namwita mkubwa aje akupulizie."

Nilimlipa. Nikahesabu noti bila kukosea, sijui kwa nguvu gani. Kisha nikamfuata mwenzangu nyuma ya boma la kupakilia.

"Ni kweli?"

"Nini?"

"Ulikuwa unawatisha watu kwa mdomo wangu."

Akajaribu kucheka, akaona sicheki. "Mkubwa, usilichukulie hivyo. Kila mtu na mtaji wake. Mimi nina miguu, nazunguka. Wewe ulikuwa na ule. Sasa hospitali imetuharibia biashara, umeona mwenyewe leo."

"Na ile habari ya koleo? Na ule unga?"

Akaangalia ng'ombe. "Ilikuwa utani."

"Miaka miwili?"

"Hela si tuligawana sawa?" akasema, na sasa yeye ndiye amekasirika, kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea. "Taja siku moja niliyokupunja. Taja!"

Sikuweza kuitaja, kwa sababu hakuwahi. Ndiyo maana naona bora angeniibia. Mwizi angechukua ng'ombe, ningenunua wengine. Huyu alikaa na mimi miaka yote, akala nyama sinia moja na mimi, akanipa sifa mbele za watu, na kila sifa ilikuwa kicheko. Alijua ninaoza na akanizuia nisipone, huku ananigawia hela yangu bila kupunguza hata shilingi. Tuligawana mifugo wiki ile ile. Alichukua wake, nikachukua wangu, na hatusalimiani.

Nimekaa nikijaribu kukumbuka bei nilizowahi kushinda kwa akili, nizitenge na zile nilizoshinda kwa uozo. Siwezi. Zote zilisikika sawa, mtu anasema "haya, chukua," na mimi naondoka kifua mbele. Siku hizi nanunua kwa bei ya watu wote. Bado napata faida, msidhani nimeanguka, nina lori langu na deni sina. Lakini nikimwinamia mtu sikioni najikuta nimeshika pumzi.

Kwa mke wangu nilikuwa nimesharudi zamani, siku nne tu baada ya yale ya karafuu. Karafuu ameacha kutia kwenye chai, na hatujazungumza tena habari ile. Kila baada ya miezi mitatu nakwenda kwa yule binti Dodoma anapima, anasafisha, ananiambia namba. Safari ya mwisho hakuna iliyozidi nne.

Sasa wanakuja nyumbani, watu wazima, mmoja mmoja, wameziba mdomo kwa kiganja. Wengine ni wale wale waliokuwa wanacheka mnadani. Wanauliza kama inauma, kama kweli wanafunua fizi, kama meno yanabaki. Nawaonyesha pengo, nawaambia si pembe ya ng'ombe, nawaeleza kilichotokea. Yule mwenye harufu namwambia usoni kwamba ana harufu. Na wanapouliza bei siwanong'onezi. Naitaja kwa sauti, kusafisha, operesheni, meno mawili kung'olewa, dawa, nauli na vyumba vya kulala, vyote pamoja: shilingi milioni moja, laki mbili, elfu themanini na sita, na mia tano.